Mkono Mmoja Haulei Mwana

Makala hii ni ya mtu aliyekulia mahali ambapo mtoto hakustahili kukulia. Labda baba alikuwa akirudi usiku amelewa, na nyumba nzima inanyamaza kusikiliza anavyofungua mlango. Labda ulifiwa na mama ukiwa darasa la pili, ukapelekwa kwa ndugu, na huko ukawa wa kwanza kuamka kuteka maji na wa mwisho kula. Labda hukupigwa wala hukulala njaa, ila hakuna aliyewahi kukuuliza umeshindaje. Leo u mtu mzima, una kazi, pengine una watoto, na bado mlango ukibamizwa unashtuka.

Ninalotaka kukuambia ni moja. Waliovuka utoto wa namna hiyo hawakuvuka kwa sababu walikuwa na roho ngumu kuliko wengine. Njiani walimpata mtu, naye akawashika mkono, nao wakakubali kushikwa. Ustahimilivu ni kazi ya mwenyewe, hilo halina ubishi, lakini haukui peke yake. Ukishalijua hilo, yapo ya kufanya kuanzia leo, kwa ajili yako na kwa ajili ya mtoto wa jirani.

Methali inayogeuka hukumu

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa mzazi ni onyo jema. Ikimfikia aliyelelewa vibaya, inamwangukia kama hukumu: umelelewa kwa fimbo, nawe utapiga, umelelewa kwa matusi, nawe hutajua kupenda. Wako wengi wanaoogopa kuoa, kuolewa au kuzaa kwa sababu ya hofu hiyo. Tuipime.

Mwaka 1955, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, walizaliwa watoto 698 ambao watafiti wakiongozwa na Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia hadi wakafika miaka 40. Wazazi wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya miwa na mananasi. Karibu theluthi ya watoto hao walibeba mizigo kadhaa kwa pamoja: ufukara, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi wa wazazi, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Wengi wao walipata shida kweli kabla ya kutimiza miaka 18, wengine za masomo, wengine za tabia, wengine wakaishia mikononi mwa polisi. Lakini mmoja kati ya kila watatu wa kundi hilo alikua vizuri, akawa mtu mzima mwenye kujiamini, mchapakazi na mwenye kuwajali wenzake.

Watafiti walipochunguza kilichowatofautisha, walikuta jambo ambalo bibi zetu wasingelishangaa. Watoto hao walikuwa wamepata angalau mtu mzima mmoja aliyewapenda na kuwakubali, naye hakuwa lazima mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, dada mkubwa, mwalimu, jirani, mtu wa kanisani. Tena walikuwa na jambo wanaloliweza na kulionea fahari, na wengi walikuwa na jukumu la kweli nyumbani, kama kuwaangalia wadogo zao.

Kuna jibu jingine lililotoka Kauai, na hilo ndilo ningependa ulishike zaidi. Hata waliopotea njia ujanani, wengi wao walikuwa wamenyooka walipofika kati ya miaka thelathini na arobaini. Mmoja alirudi kusoma, mwingine akajifunza ufundi jeshini, mwingine akapata mwenzi mtulivu, mwingine akaingia katika jumuiya ya waumini iliyompokea. Basi methali yetu ni ya kweli, ila tuisome kwa upana wake: wanaolea si wazazi peke yao, na kulelewa hakuishii utotoni.

Ada ya muhula mmoja

Chris Mburu alikulia katika kijiji cha Mitahato, Kiambu, nchini Kenya. Alikuwa hodari darasani, lakini kwao ada haikupatikana. Mwalimu wa watoto wadogo huko Sweden, Hilde Back, akajitolea kumlipia, kama dola 15 kwa muhula. Hawakuwa wamewahi kuonana. Mburu alisoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda Harvard, kisha akafanya kazi ya haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kuwasomesha watoto wa Kenya wenye bidii na wasio na uwezo, akaupa jina la mama yule.

Alipomtafuta ndipo alipojua habari zake. Hilde Back alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Ujerumani. Utawala wa Wanazi ulimfungia mlango wa shule kwa sababu ya nasaba yake. Akiwa bado kijana alikimbilia Sweden kwa msaada wa watu wengine. Wazazi wake walikosa njia ya kumfuata, wakafia katika kambi za Wanazi. Mtoto aliyenyimwa shule ndiye aliyekuja kumlipia shule mtoto wa nchi ambayo hakuwa ameiona. Filamu ya Jennifer Arnold ya mwaka 2010, A Small Act, inasimulia habari hiyo.

Ukiitazama vizuri, hapo wamo watoto wawili wenye utoto mgumu. Kila mmoja alitia juhudi yake. Ada haimfanyii mtu mtihani, wala kuvuka mpaka hakumfundishi mkimbizi lugha mpya. Na kila mmoja alihitaji mtu. Tunapomsifu aliyefanikiwa kwamba amejitengeneza mwenyewe, tunamdhulumu yule aliyemshika mkono, na tunamdhulumu zaidi kijana anayesikiliza, kwa maana atadhani kuomba msaada ni udhaifu. Haya ndiyo ninayokushauri.

Waandike waliokushika mkono

Chukua daftari uandike majina ya watu waliowahi kukutendea wema ulipokuwa mdogo. Usitafute makubwa. Mwalimu aliyekuacha ubaki darasani baada ya saa za masomo kwa sababu alijua hutaki kwenda nyumbani. Mama wa nyumba ya pili aliyekuwa akikuita uje umsaidie kuchambua mchele ili ule kabla hujarudi. Kondakta aliyekuwa hakudai nauli kila alipokuona huna. Mkabala na kila jina andika alichofanya, na kilichobaki nawe.

Zoezi hili lina kazi mbili. Kwanza linavunja ile imani inayokaa ndani ya waliolelewa kwa ukatili, kwamba sina mtu na sijawahi kuwa na mtu. Karatasi itakukanusha. Pili, litakuonyesha aina ya watu wanaokufaa. Ukiona kwamba wote walikuwa wapole, wasiouliza maswali mengi, basi unajua wa kumtafuta leo ni wa namna gani.

Aliye hai, mpigie simu. Maneno machache yanatosha: "Shikamoo mwalimu. Pengine hunikumbuki, lakini mwaka ule ulininunulia viatu vya shule, na sijasahau." Wema hupungua pale watenda wema wanapodhani haukufika popote.

Uelewe mwili wako kabla ya kuulaumu

Waliokulia katika hofu hujiita waoga, au wenye hasira za karibu, au wasioaminika katika mapenzi. Ukweli ni kwamba mwili wa mtoto anayeishi na hatari hujifunza kukaa macho muda wote. Homoni za msongo hupanda mara kwa mara, moyo huzoea kwenda mbio, na masikio huzoea kupima sauti ya mtu ili kujua leo ni siku ya namna gani. Mwili ulifanya hivyo kukulinda. Hatari ikiisha, mazoea hayaishi siku ile ile, ndiyo maana bosi akipandisha sauti unatetemeka kama una miaka 7.

Mwaka 1998 madaktari wa Marekani Vincent Felitti na Robert Anda walianza kuchapisha matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya watu 17,000. Ulionyesha kwamba kadiri aina za mateso ya utotoni zinavyokuwa nyingi, ndivyo hatari ya sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo inavyopanda ukubwani. Hatari kupanda hakumaanishi kwamba lazima yatakufika. Maana yake ni kwamba afya yako inahitaji uangalizi zaidi, kama vile mtu ambaye kwao kuna kisukari anavyopaswa kupima mapema.

Mshtuko ukikujia, utaje kwa jina: "Hii ni hofu ya zamani, mimi sasa niko ofisini." Vuta pumzi, kisha itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Shika kitu kilicho karibu, meza au kikombe. Usijibu ujumbe, usiache kazi wala usivunje uchumba katika dakika hizo. Mwili ukitulia, amua. Na chunga pombe. Kwa aliyeumizwa huanza kama usingizi wa kukopa, na deni lake hulipwa na watoto.

Tafuta wa kukusikiliza

Mwaka 2006 daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alikuwa na wagonjwa wengi na wataalamu wa kuhesabika. Akawafundisha akina bibi wa Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito. Bibi humwachia mtu aeleze matatizo yake yote, humsaidia kuchagua moja la kuanzia, kisha pamoja wanatafuta hatua inayowezekana kabla ya kukutana tena. Matokeo ya utafiti juu ya mabenchi hayo yalichapishwa katika jarida la tiba la JAMA mwaka 2016, nayo yalionyesha kwamba waliosikilizwa na akina bibi walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Hata kama kwenu hakuna benchi hilo, njia ni ile ile. Chagua mtu mmoja anayejua kutunza siri. Mjaribu kwa jambo dogo kwanza, uone kama litarudi kwako kupitia mdomo wa mwingine. Ukiridhika, mwambie: "Kuna mambo ya utotoni yananisumbua. Sihitaji unipe suluhisho, nataka unisikilize tu." Sentensi hiyo humwondolea mwenzio hofu ya kutojua la kujibu. Usianze na lile zito kuliko yote. Na ukishasikilizwa, chagueni tatizo moja, si yote, na hatua moja ya wiki hiyo.

Yapo yanayozidi uwezo wa rafiki. Ukiona hulali, huli, huoni raha ya chochote kwa wiki mfululizo, nenda hospitali uonane na mtaalamu wa afya ya akili. Na ukiona mawazo ya kujidhuru yanakujia, usisubiri kesho na usibaki peke yako. Mwambie mtu leo akusindikize hospitali. Sala na dua ni nguzo kwa wengi wetu, wala hazigombani na daktari.

Nafasi ya pili ipo, iombe

Huenda kilichokuumiza zaidi ni shule uliyoachishwa. Mwaka 2004 huko Eldoret mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya Kenya kufuta ada za shule za msingi. Wewe hujafika umri huo.

Nchini Tanzania, aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, maarufu QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inasimamia masomo ya namna hiyo. Vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu 1975, vinavyofundisha ushonaji, useremala, umeme, kilimo na mengineyo. Vipo pia vyuo vya ufundi vya VETA. Tangu Novemba 2021, msichana aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Nenda kwa afisa elimu wa kata au wa wilaya ukaulize. Kama unaona haya, nenda na mtu. Hata kurudi shuleni si lazima urudi peke yako.

Kama hutaki shule, jifunze jambo moja ulifanye vizuri. Watoto wa Kauai waliovuka walikuwa na kitu cha kujivunia. Fundi anayesifiwa kwa mshono wake ana mahali pa kusimama hata siku ambayo kumbukumbu zinamwangusha.

Mzazi aliyekuumiza

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu tumelelewa kuogopa kukosa radhi za wazazi. Naandika kwa heshima ya mafundisho hayo. Kumheshimu mzazi ni wajibu. Kusema kwamba hakukuumiza wakati alikuumiza, huo si wajibu, na unaweza kuyashika yote mawili bila dhambi. Unaweza kumsalimia, kumnunulia dawa, kumtumia pesa ya matumizi, na papo hapo ukakataa kulaza mtoto wako nyumbani kwake kama bado ana mkono mwepesi.

Usidai kwamba lazima aombe msamaha ndipo uendelee na maisha. Wengine hufa hawajaomba. Ukitaka kuzungumza naye, nenda ukiwa mtulivu, mueleze tukio moja tu na lilivyokuumiza, bila kumhukumu maisha yake yote. Akikana, umesema, ondoka kwa amani. Msamaha una wakati wake; ndugu wasikuharakishe ili shughuli ya ukoo ipendeze. Na kama aliyekuumiza bado ni hatari kwako, kaa mbali naye. Huko si kukosa adabu.

Mlango wa fimbo uufunge wewe

Kuna hoja tunayoisikia kila mahali: "Sisi tulichapwa, na tumekuwa watu." Naomba uichunguze kwa uaminifu. Umekuwa mtu kwa sababu ya zile fimbo, au kwa sababu ya bibi aliyekuficha nyuma ya kanga yake, akakusugua mgongo kwa maji ya moto usiku? Mateso hayamjengi mtoto. Wanaomjenga ni wale wanaomtibu baada ya mateso, na asiye na wa kumtibu huvunjika kimya kimya, hatumsikii akitoa ushuhuda.

Hasira ikikupanda mbele ya mwanao, weka chini ulichoshika, mwambie nitarudi tuzungumze, utoke nje. Ukirudi, sema kosa lake na adhabu isiyoumiza mwili. Ukiteleza ukampiga au kumtukana, mwombe radhi kwa maneno ya wazi. Mtoto anayeombwa radhi na mzazi hujifunza kwamba aliyekosea anaweza kurekebisha, somo ambalo wewe hukupewa. Kila siku mtafutie dakika chache umuulize habari zake, umsikilize bila kugusa simu. Na muache apendwe na wengine pia, babu yake, mama mdogo, mwalimu wake, ili siku ukishindwa wewe asiwe peke yake.

Kwa wewe unayeweza kushika mkono

Pengine utoto wako ulikuwa mwema, au ulikuwa mgumu na sasa umesimama. Angalia karibu yako. Mtoto anayechelewa kurudi nyumbani bila sababu, anayevaa mikono mirefu siku za joto, anayekula haraka kama atanyang'anywa, anayesinzia darasani kila siku: huyo mwangalie kwa jicho la huruma kabla ya kumwita mtukutu.

Fanya kidogo, ukirudie. Sahani moja kila Ijumaa ina uzito kuliko zawadi kubwa ya mara moja, kwa kuwa aliyesalitiwa na watu wazima anachohitaji kuona ni mtu mzima anayerudi. Usiahidi usichoweza. Ukimlipia michango ya shule, usimtangaze, usimpige picha, wala usimkumbushe. Mpe kazi ya kusaidia, umsifu akiifanya vizuri, asijione mzigo. Mtoto wa ndugu unayemlea nyumbani ale pamoja na wanao, chakula kile kile, saa ile ile, na asome saa zile zile.

Ukimkuta katika hatari, huruma pekee haitoshi. Nchini Tanzania na Kenya, namba 116 ni ya simu ya bure kwa ajili ya watoto. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi Tanzania, na yupo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Toa taarifa. Kumfichia mkatili aibu yake ni kumwacha mtoto mikononi mwake.

Ndugu msomaji, hukuchagua nyumba uliyozaliwa, na hakuna wa kukurudishia miaka ile. Lakini hujachelewa kulelewa, wala hujawa maskini kiasi cha kushindwa kulea. Wiki hii fanya mambo mawili: mwambie mtu mmoja unayemwamini jambo moja lililokuwa likikulemea, na mfanyie mtoto mmoja asiye wako wema mdogo ambao utaweza kuurudia wiki ijayo.